Walimu wamefunzwa, mbona darasa halijabadilika?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mratibu wa chekechea 7 za jamii huku Pangani. Walimu wako 14, wengi ni akina mama waliomaliza kidato cha nne. Mwaka jana tulichangishana tukawapeleka semina ya siku 5 kuhusu ufundishaji unaomweka mtoto katikati. Walirudi na vyeti na furaha, wakatengeneza kona za kujifunzia. Baada ya miezi mitatu nikazunguka shuleni: kona zipo, safi kabisa, zana zimetundikwa juu ukutani, na watoto wamekaa kwenye mikeka wanaitikia "a, e, i, o, u" kama zamani. Mwenyekiti wa kamati anasema walimu ni wavivu, na kwamba mbinu hii ni ya Wazungu, haiwezi kukaa kwenye shule ya watoto 60. Wazazi nao wanataka kuona daftari limejaa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na mwenyekiti wako, maana neno "wavivu" likishaingia kwenye kikao huwa gumu kulitoa. Mtu mvivu hakeshi akikata maboksi, hatobozi vifuniko vya soda, hachori namba kwenye magunia. Walimu wako walifanya kazi. Tena walifanya kile hasa walichofundishwa, na shida iko hapo.

Zile siku 5 zilikuwaje? Sikuwapo, lakini nimeendesha semina za namna hiyo miaka mingi kabla sijaliona kosa langu, kwa hiyo naweza kukisia. Viti vimepangwa safu. Mkufunzi yuko mbele na bango kitita, walimu wana madaftari. Mkufunzi anasema "mtoto hujifunza kwa kutenda", walimu wanaandika "mtoto hujifunza kwa kutenda". Anauliza "tuko pamoja?", ukumbi unaitikia "ndiyooo". Sasa litazame tena lile darasa ulilolikuta: mtu mzima mbele, watoto wamepangwa, wanaitikia kwa pamoja. Walimu wameihamishia semina darasani kama ilivyokuwa. Maneno ya ukumbini yalisema jambo moja, mwenendo wa ukumbini ulifundisha jingine, wao wakarudi na mwenendo.

Halafu kumbuka kuwa kabla ya semina yako kila mmoja wao alipitia nyingine ndefu zaidi. Darasa la kwanza mpaka kidato cha nne ni miaka 11 ya kutazama ubao na kungoja kuulizwa. Maelezo ya siku 5 hayawezi kushindana na miaka 11. Kinachoweza kushindana nayo kidogo ni mwalimu kupewa jambo ambalo hakuwahi kulipata shuleni: achague, ajaribu, akosee, kisha aeleze mwenyewe alichofanya na watu wamsikilize.

Kwa hiyo ukipata tena fedha ya semina, asubuhi ya kwanza usiseme kitu. Tandika mikeka. Mwaga katikati vifuu, makumbi, komwe, chane za ukili, vifuniko vya chupa, vitambaa, vikombe visivyolingana, karai la mchanga na ndoo ya maji. Waambie wana saa moja, kila mtu achague anachotaka, kisha nenda ukakae pembeni. Dakika 10 za mwanzo zitakuwa ngumu, kwako kuliko kwao. Watakutazama. Mmoja atauliza, "Sasa tufanye nini?" na ulimi utakuwasha. Jizuie. Baada ya muda mtu atajaza mchanga kwenye kifuu, mwenzake atasema hicho hakifiki vikombe vitatu, watabishana, watapima. Wawili watakumbuka mdako. Mwingine ataanza kusuka, na aliye karibu atamwuliza anahesabuje chane zake.

Katika saa kama hiyo nilikuwa na mama mmoja wa makamo, mwalimu wa miaka mingi, ambaye alikaa na ndoo ya maji muda wote. Alikuwa anajaribu kipi kinaelea na kipi kinazama. Kumbi likaelea, hilo alilitarajia. Kisha akatia komwe, ile mbegu ya kijivu tunayochezea bao, ngumu kama jiwe, akiwa na hakika itazama. Ikaelea. Akaitoa, akaifuta kwa kanga, akaitia tena. Ikaelea. Akanigeukia: "Kwa nini?" Nilijua jibu na nilitamani kulisema. Nikamwuliza, "Wewe unaonaje?" Hakufurahi hata kidogo. Jioni alipofika kwake akaipasua komwe moja kwa nyundo, na asubuhi akaja nayo imefungwa kwenye karatasi, akatuonyesha uwazi ulio ndani ya mbegu. "Ndiyo maana bahari inaitupa pwani," akasema. Katika miaka yake yote ya kuokota komwe ufukweni hakuwahi kujiuliza zimefikaje. Tangu siku ile sikupata haja ya kumweleza maana ya mtoto kujifunza kwa kutenda, na sijawahi kuona mtu anayevumilia swali la mtoto kama yeye.

Baada ya saa hiyo ndipo mnakaa kwenye duara. Waulize: Ulichagua nini, kwa nini hicho? Ulikwama wapi? Nani alikusaidia? Na mimi nilikuwa nafanya nini wakati ule? Hili la mwisho usiliruke. Wataanza kwa kusema hukufanya kitu, kisha mmoja atakumbuka kuwa uliwapangia vifaa tangu alfajiri, ulimwuliza swali moja, ulimsogezea kikombe aliyekihitaji. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu katika mbinu hii, na wameigundua wenyewe kwa kukutazama. Sasa fungua bango kitita uandike.

Tuje kwenye hoja ya mwenyekiti kwamba ni mambo ya Wazungu. Simpuuzi, kwa sababu nusu ya hoja yake ni sahihi. Kama walimu wako walifundishwa ule mzunguko wa kupanga, kufanya na kusimulia, yaani mtoto aseme atakachofanya, akifanye, kisha aeleze alivyofanya, basi asili yake ni Ypsilanti, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1962 David Weikart na wenzake walianza huko na watoto wa familia maskini za Wamarekani Weusi. Jumla walikuwa 123, wengine wakaingizwa chekechea, wengine hawakuingizwa, kisha wakafuatwa mpaka wakiwa watu wazima wa miaka 40. Waliopita chekechea walimaliza sekondari kwa wingi zaidi, walipata kipato kizuri zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi. Ila sikiliza masharti yake: darasa la watoto ishirini na kidogo lilikuwa na walimu 4, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto akakaa naye na mama yake saa moja na nusu. Ukiichukua mbinu hiyo ukaishusha Pangani bila kubadili kitu, haitakaa.

Nusu ya pili ya hoja, kwamba basi tuiache, inajibiwa na majirani zenu wa kaskazini. Katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walikuwa na wasiwasi kuwa watoto wao wanaachwa nyuma shuleni, na hawakutaka chekechea itakayowatenga na dini na utamaduni wao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akaanza kujenga chekechea zilizosimama kwenye mbinu hiyo hiyo ya Michigan, ndani ya jamii za Waswahili na mikononi mwa kamati zao. Mpango huo, unaoitwa Madrasa, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha watoto wa nchi hizo tatu, ulikuta kuwa waliosoma chekechea walikua kiakili zaidi ya waliobaki nyumbani, na waliosoma chekechea za Madrasa walikuwa mbele ya wa chekechea nyingine.

Ukitazama walichobakiza na walichobadili, unapata somo zima la kurekebisha mbinu. Vipande vya mbao vya kujengea, vya dukani, vilikwenda, vikaja vifuu na mbegu. Hadithi na nyimbo zikawa za hapa. Maadili ya Kiislamu yakaingia kwenye ratiba ya siku. Walimu wakawa akina mama wa mtaa ule ule, wengi bila cheti cha ualimu. Lakini mtoto aliendelea kuchagua, vifaa vilikaa anapovifikia, siku ilikuwa na mpangilio anaoujua, na mtu mzima aliuliza kuliko kuamrisha. Kinachofanya kazi kilibaki, na sura yake ikabadilika.

Wafundishe walimu wako kuuliza swali moja tu juu ya kila kitu walichokiona kwenye semina: hiki kinamfanyia nini mtoto? Chukua rafu fupi. Kazi yake ni kumwezesha mtoto kuchukua kitu na kukirudisha bila kumwomba mtu. Basi kapu la ukili lililowekwa chini linafanya kazi hiyo hiyo, na zana iliyotundikwa juu ukutani, hata iwe nzuri vipi, haiifanyi. Na kabla hujawalaumu kwa kutundika, waulize sababu. Mimi niliwahi kumwuliza mwalimu mmoja kwa nini mbegu zake za ubuyu ziko kwenye chupa iliyofungwa juu ya kabati. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Zikipotea naulizwa mimi." Hilo si suala la mbinu, ni suala la uongozi, na kwako lina dawa rahisi. Simama mbele ya kamati yako utamke, mwenyekiti akisikia, kwamba zana iliyochakaa ni dalili ya kazi, na kwamba hakuna mwalimu atakayeulizwa kwa mbegu iliyopotea. Usipotamka, zitabaki juu.

Sasa idadi. Umeandika watoto 60, lakini umeandika pia walimu 14 kwa shule 7. Una walimu wawili kila shule. Yaani watoto 30 kwa mwalimu, na mwongozo wa serikali kwa elimu ya awali ni 25. Hamko mbali. Nadhani kinachotokea ni kile ninachokikuta kila mahali: mmoja anafundisha wote 60 na mwenzake anasahihisha madaftari au anashughulikia uji, kisha wanapokezana. Wagawe. Kikundi kimoja kiwe nje chini ya mwembe na mchanga na maji, kingine ndani na vifaa vya ndani, baada ya muda wabadilishane.

Bado 30 ni wengi kwa kila mtoto kueleza mpango wake kwa mwalimu, na hapa watu wengi hukata tamaa. Ningewarudisha walimu wako chuoni, kwenye chuo cha Kurani walichosoma wakiwa wadogo. Pale hamkuwa wote kwenye darsa moja. Huyu yuko alifu, bee, tee, yule ameshafika katikati ya juzuu ya Amma, na maalimu anamsikiliza mmoja mmoja huku wakubwa wakiwafuatisha wadogo. Kila mtoto na mwendo wake, na mtoto akimfundisha mtoto. Sisemi tuchukue kila kilichokuwa chuoni, fimbo tuiache huko. Nasema mtu asiwaambie walimu wa pwani kwamba kumfuata mtoto kwa mwendo wake ni jambo geni kwao. Kwa hiyo: kila asubuhi watoto wapange wawili wawili, mkubwa na mdogo, kila mmoja akimwambia mwenzake atakwenda wapi na atafanya nini. Mwalimu akae na watoto 6 tu wa siku hiyo. Kwa siku 5 za wiki atakuwa amewasikia wote 30. Kusimulia kufuate mtindo huo huo. Na mtoto anayesema Kizigua au Kibondei nyumbani aachwe apange kwa lugha inayomtoka, Kiswahili kitakuja na mchezo.

Daftari usilipige vita. Mzazi anayetaka kuona daftari limejaa anataka kujua kama ada yake imefanya kazi, na ana haki ya kujua. Badala ya kurasa za "a a a a", mtoto achore alichopanga au alichofanya, na mwalimu aandike chini yake sentensi ya mtoto kwa maneno yake, pamoja na jina na tarehe. Mama akisoma "Nimejenga mtumbwi wa babu, umebeba samaki saba" na kuona samaki saba wamechorwa, atalitazama daftari kwa jicho jingine. Waite wazazi pia, si kwa kikao cha hotuba. Watandikieni mikeka ile ile na vifaa vile vile, wacheze nusu saa. Mwombe bibi mmoja aje afundishe kusuka, mvuvi mmoja aje na kipande cha wavu. Mwenyekiti wako mpangieni ndoo ya maji na komwe.

Nimechelewa kufika kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni kinachofuata baada ya semina. Nchini Kenya, walipojenga mfumo wao wa kitaifa wa kufunza walimu wa chekechea katikati ya miaka ya 1980, kozi ilichukua miaka miwili na mwalimu hakuondoka kazini. Likizo ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba alikwenda kusoma, muhula ukianza alirudi kwa watoto wake, na mkufunzi akamfuata huko huko. Alijifunza jambo, akalijaribu kesho yake kwa watoto anaowajua majina, likamshinda, akarudi likizo inayofuata na swali la kweli. Vituo vya Madrasa navyo vilikaa na kila shule kwa muda mrefu, wakufunzi wakiingia madarasani mara kwa mara. Wewe ulikuwa na siku 5, zote zikaliwa kwa mkupuo. Mwaka huu zigawe: 2 mwanzoni, kisha 1 kila baada ya wiki 6. Gharama haizidi sana, maana unaweza kuzifanya kwenye darasa la mojawapo ya shule zenu, Jumamosi, bila ukumbi wa kukodi.

Katikati ya siku hizo, uwatembelee. Namna ya kutembelea ni ustadi wenyewe. Mimi nilikuwa nakwenda na fomu yenye vipengele 40 na kalamu nyekundu. Walimu walijua siku yangu, na darasa lilipambwa. Siku moja msichana mdogo, ana miaka mitano hivi, akanishika mkono akaniambia, "Leo tunacheza kwa sababu wewe umekuja." Fomu ile nimeiacha.

Sasa nafanya hivi, nawe ujaribu. Ingia, salimia, kaa chini mkekani. Chagua mtoto mmoja, umtazame dakika 20. Andika anachofanya na maneno yake kama alivyoyasema, bila kumpa alama. Watoto wakiondoka, kaa na mwalimu umsomee ulichoandika, kisha umwulize: hapa alikuwa anajaribu kufikiri nini? Kesho ungemwekea kitu gani karibu? Mwache afikiri hata kama kimya kinakuumiza. Mwisho mkubaliane jambo moja tu la kubadili mpaka utakaporudi, dogo, la kuonekana kwa macho: kuteremsha makapu, au kukaa na watoto 6 wakati wa kupanga, au kuuliza "umefanyaje?" pale alipozoea kusema "vizuri sana". Ukirudi, anza na jambo hilo. Ukimpa mapendekezo 9 atatekeleza yale yanayoonekana ukutani, na tutarudi kwenye mabango.

Na walimu watembeleane. Mwalimu anayemwona mwenzake wa kijiji cha pili, mwenye mshahara kama wake na watoto kama wake, akimudu kundi lililotawanyika bila kupaza sauti, hupata kitu ambacho mimi na wewe hatuwezi kumpa. Fungeni shule moja siku hiyo ikibidi.

Usianze na shule zote 7. Waulize walimu, wanne watajitokeza wenyewe. Chukua shule zao 2 na uzitembelee kila wiki kwa muhula mzima. Wiki ya kwanza mkateremshe zana zote zilizo ukutani, wewe ukishika ngazi. Kisha mchague mtoto mmoja kila shule, umtazame kama nilivyoeleza, na uniandikie alifanya nini na alisema nini. Tutaendelea kutokea hapo.